Siku Dunda Ilipoikimbia Sabufa Yangu

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Dunda kuna watu hawanisalimii kwanza, wanainama, wanagusa ardhi kwa kiganja kama mtu anayepima joto la mgonjwa, halafu ndiyo wananiuliza, "Shomari, vipi, leo imetulia?" Na mimi nacheka nao, maana nifanye nini, aibu ukiikimbia inakufuata, ukiicheka inachoka yenyewe. Lakini siku ile yenyewe sikucheka. Siku ile ningeona shimo ningeingia, nikaomba nifukiwe.

Kazi yangu ni mananasi. Nanunua Kiwangwa, naleta mjini Bagamoyo, nawauzia wenye mabanda na wakamua juisi, na kwa kazi hiyo nina kigari kidogo ambacho kwenye buti nimefunga sabufa, ile spika kubwa ya besi. (Najua mnataka kuuliza mananasi na sabufa vinakaaje pamoja. Mananasi yanakaa siti ya nyuma kama abiria, sabufa ndiyo mwenye buti.) Njia ya Kiwangwa ni ndefu ukiwa peke yako, na wateja wangu walishazoea, wakisikia besi inakuja wanajua mananasi yamefika.

Sasa nyumba tunayokaa na mama yangu imepakana na nyumba ya Mzee Nassor, muuza vitambaa pale sokoni, katikati kuna uchochoro tu wa kupita gari moja, na Mzee Nassor ana binti anaitwa Rukia. Mimi na Rukia tulishakubaliana, na wazee wangu walishapeleka posa. Jibu ndilo lilikuwa halijatoka. Si kwamba mzee alikataa, alisema atafikiri, na baba wa binti akisema atafikiri, wewe kijana unakonda.

Rukia ndiye aliyenidokeza. "Baba hana neno na wewe," aliniambia. "Ana neno na gari lako. Anasema ukipita, vikombe vya kabatini vinapeana mikono."

Basi nikaamua kuitia adabu ile sabufa. Si kuitoa (hapo moyo ulikataa kabisa), ila kuirekebisha, ilie vizuri ndani ya gari na isitoke kwenda kusumbua makabati ya watu. Yaani angalieni, aibu yote hii ilianza na nia njema, nilitaka kupunguza kelele.

Nikampigia Fundi Dulla, yule aliyenifungia, anakaa Bunju. Akaniambia ile amplifaya ya butini, inayoipa sabufa nguvu, ina vidude vitatu vya kuzungusha kwa bisibisi, na mimi vyote nimeviacha juu kabisa, ndiyo maana sabufa inabweka badala ya kuimba. Akanitumia flashi kwa dereva wa magari ya Dar, ndani yake ameweka milio ya kupimia, akasema nikiwa na nafasi nimpigie anielekeze.

Nafasi ikapatikana siku mama alipokwenda Miono kumwona mtoto mchanga wa mdogo wake. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mtaa umepoa, watu wamekula wamejinyoosha. Nikaliingiza gari kinyumenyume kwenye uchochoro kutafuta kivuli, buti nikaligusisha kabisa na ukuta wa nyuma, kulia nyumba yetu, kushoto nyumba ya Mzee Nassor, nikapiga gari moto nikaliacha linanguruma taratibu ili betri isiishe. Buti sasa haliwezi kufunguka, kwa hiyo nikapanda siti ya nyuma, nikapiga magoti, nikaning'inia juu ya siti, mkono mmoja bisibisi, mwingine tochi, hedifoni masikioni nikimsikiliza fundi.

"Zima spika za mbele zote," akasema, "ibaki sabufa peke yake. Sauti ya redio weka robo tatu. Geini, kile kidude cha kwanza, anza chini kabisa, panda nacho taratibu. Ukisikia mlio unakwaruza, rudi nyuma kidogo, umemaliza. Milio iko mitano, kila mmoja mzito kuliko uliotangulia."

Mlio wa kwanza ukalia, uuu, kama mtu anapuliza ndani ya mtungi. Nikapanda, ukakwaruza, nikarudi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, mambo mazuri, najiona fundi mzima, nawaza labda mananasi si riziki yangu. Nikaweka wa tano, nikauambia ujirudierudie, nikasikiliza. Kimya.

"Fundi, huu wa mwisho haulii."

"Unalia," akasema Fundi Dulla, "ila huo sikio lako..." Na hapo mtandao ukakatika.

Jamani, mtandao ungesubiri maneno matatu tu, mimi leo ningekuwa mtu wa kawaida. Maana alichotaka kusema, kama alivyokuja kunieleza baadaye, ni kwamba mlio ule ni mzito mno, sikio haliushiki vizuri, unausikia kwa mwili. Mimi nikaelewa kivyangu kwamba nguvu haitoshi. Nikaongeza geini. Kimya. Nikaongeza tena. Tumbo likaanza kunitekenya, nikadhani njaa, sikuwa nimekula. Nikakipeleka kile kidude mpaka mwisho, na cha kuongeza besi nacho mpaka mwisho, na hedifoni zangu ziko masikioni, nikimpigia Fundi Dulla na kuambiwa hapatikani.

Nilichokuja kukisikia ni watu. Kwanza sauti ya Mama Chausi, fundi cherehani wa nyumba ya mbele, halafu mlango unabamizwa, halafu miguu mingi inapita. Nikachomoa hedifoni, nikazima gari nipate kusikia vizuri, nikatoka.

Mama Chausi alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha kama mtu anayezuia kuku.

"Imetulia," akasema. "Mmesikia? Imetulia."

"Nini imetulia, mama?" nikamuuliza.

"Ardhi, baba. Wewe ulikuwa wapi? Ardhi inanguruma. Mabati yote yanacheza, chupa zangu za mafuta zimetembea mezani zenyewe, nimeziona kwa macho yangu."

Na mtu mwingine akasema kwake chokaa imedondoka, na mwingine kwamba mbuzi amekataa kuingia ndani. Hapo hapo akafika kijana wa bodaboda kutoka pwani, na katika kuulizwa kule kukoje akajibu kwamba maji yako mbali sana, yamerudi nyuma. Sasa nyie ni watu wa pwani, mnajua, bahari hukupwa na kujaa kila siku tangu dunia iumbwe. Siku ile hakuna aliyekumbuka. Mtu mmoja akatamka neno tsunami, na likishatamkwa hilo huwezi kulirudisha mdomoni.

Mnauliza mimi niliwaza nini. Niliogopa kuliko wote. Haikunijia hata kidogo kwamba ni mimi, kwa sababu kichwani mwangu mlio wa tano ulikuwa haulii.

Wazo la kwanza lililonijia, na hili nalisema maana lilikuja kunifaa, lilikuwa Bi Zuhura, mama yake Mzee Nassor. Yule bibi magoti yake yalishachoka, hawezi kutembea bila kushikwa, na Mzee Nassor mwenyewe yuko sokoni. Nikaingia kwao bila hata kubisha hodi vizuri, nikamkuta Rukia anahangaika kumvisha viatu.

"Shikamoo Bibi. Twende, gari lipo nje."

"Marahaba. Twende wapi?"

"Juu, Bibi. Kwenye uwanja wa mpira. Bahari inakuja."

"Inakuja kufanya nini?" akauliza, lakini nilishamnyanyua.

Nikamweka siti ya nyuma, Rukia akaingia mbele, nikawasha gari.

Mngurumo ukaanza.

Watu wote wakapiga yowe moja. "Imeanza tena," akasema Mama Chausi, na akarudi ndani mbio, akatoka na cherehani kichwani, ile ya chuma nzito, akashika njia. Mimi nikalitoa gari uchochoroni, kioo cha kutazamia nyuma kinatetemeka mpaka kila mtu namwona wawili, milango inalia, mifupa ya kifua inacheza, na mimi nasema moyoni, ee Mola, tetemeko hili ni kubwa, limeingia mpaka kwenye gari. Nikateremsha kioo. Nikatoa kichwa. Nikaanza kuwatangazia watu watoke nje.

Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Kule mbele walikuwa hawajui lolote, wamekaa vibarazani wanacheza bao, wanasuka nywele. Napita mimi, "Tokeni nje, ardhi inatetemeka," na kweli wakishika ukuta wanakuta inatetemeka. Kila mtaa niliopita nikiuacha unahama. Watu wanabeba magodoro, wanabeba masufuria yenye wali, mzee mmoja amebeba mlango (nilikuja kumuuliza kwa nini mlango, akasema ndio uliokuwa karibu).

Nikamfikia Mama Chausi njiani, nikasimama, nikazima gari ili nimsaidie kupakia cherehani. Kimya. "Imetulia," watu wakasema. Tukapakia, akaingia nyuma pamoja na Bi Zuhura, nikawasha. Ikaanza tena. Mama Chausi akashika kusoma Ayatul Kursiy tangu hapo mpaka uwanjani bila kupumzika. Bi Zuhura alikuwa ananitazama tu.

Tulipofika uwanjani umati ulishajaa. Nikaegesha, nikazima, ardhi ikatulia. Watu wakakaa chini kwa makundi, wengine wakapanga safu, bwana mmoja mwenye sauti nzuri akaanza dua na uwanja mzima ukaitikia amina. Baada ya muda akaja mtu dirishani kwangu, akasema kuna mgonjwa amebaki nyuma, kwa kuwa nina gari nikamchukue. Nikasema nakwenda. Nikawasha.

Amina zilizotoka pale sijawahi kuzisikia hata mwezi wa Ramadhani.

"Hebu zima," akasema Bi Zuhura kutoka nyuma.

Nikazima. Kukatulia.

"Washa."

Nikawasha. Uwanja ukapiga yowe.

"Zima, mwanangu." Nikazima. Akapangusa uso kwa pembe ya ushungi, kisha akasema polepole, "Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Hii ni ardhi gani inayongoja ufunguo wako?"

Nikatazama redio. Ile flashi ilikuwa imechomekwa palepale, taa yake ndogo ya buluu sasa imezimika. Nikakumbuka Fundi Dulla. Unalia, ila huo sikio lako. Rukia, ambaye aliniona ninavyoitazama ile flashi, akafunika mdomo kwa mtandio, na sijui mpaka leo kama alikuwa anazuia kilio au kicheko. (Yeye anasema vyote viwili.) Mama Chausi wakati huo alishashuka, yuko kwenye safu ya dua.

"Bibi," nikasema, "nikiichomoa hii, haitanguruma tena. Hakuna atakayejua."

"Kweli hakuna," akasema. "Na mimi sitasema, nina umri wa kutosha wa kunyamaza. Lakini hawa watakaa hapa uwanjani hata usiku, hawatathubutu kurudi, na pale namwona mzazi ana kichanga hakina hata arobaini."

Rukia aliacha kuufunika mdomo, akanitazama, anasubiri. Nawaambia, kuna kutazamwa na umati na kuna kutazamwa na mtu mmoja, na la pili ndilo zito.

Nikashuka. Nikasimama juu ya kizingiti cha mlango wa gari ili nionekane, nikatoa salamu, na kwa kuwa walidhani nimekuja kuongeza dua, waliitikia kwa nguvu sana, jambo ambalo lilifanya maneno yanayofuata yawe magumu zaidi.

"Jamani wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Hakuna tetemeko. Bahari haiji. Ni mimi. Nilikuwa natengeneza sabufa ya gari."

Hawakuamini. Hilo sikulitarajia. Bwana wa dua akaniambia kwa upole kwamba hofu humfanya mtu aseme mengi, nikae nipumzike. Mwingine akasema kijana huyu amechanganyikiwa, mpeni maji. Na kweli nikapewa maji. Mwisho ikabidi nifanye lile nisilotaka, nikaomba watu wachache waje waweke mikono yao juu ya buti la gari, nikawasha, buti likacheza chini ya mikono yao, nikapunguza sauti ya redio mpaka mwisho, na ardhi ya Bagamoyo ikatulia. Nikapandisha, ikanguruma. Nikashusha, ikatulia.

Uwanja mzima ukanyamaza. Mtoto mmoja alikuwa analia, naye akanyamaza.

Mama Chausi akaja mbele. Alikuja taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyechoka, akasimama karibu yangu.

"Shomari," akasema. "Nimebeba cherehani."

"Nimekuona, mama. Nisamehe."

"Ile ya chuma."

"Nisamehe, mama."

Akanitazama sana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta pa kutokea, na kilipotoka kikamshika aliye karibu yake, na aliyemfuata, mpaka yule mzee wa mlango akakaa juu ya mlango wake akajishika mbavu. Si wote waliocheka, niseme haki. Wako walionisema maneno makali na walikuwa na haki nayo, na wale nilikwenda mmoja mmoja nikawashika mkono.

Katikati ya hayo akatokea Mzee Nassor juu ya bodaboda, kofia ameisahau, jasho limelowesha kanzu. Alikuwa amefunga duka, amekimbilia nyumbani, amekuta kitanda cha mama yake kitupu na viatu vimeachwa. Hakuniona hata mimi, alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akapiga magoti kwa mama yake, akamshika mikono yote miwili. Nilishajua kwamba mimi niko kwenye matata pale uwanjani, lakini kumwona mtu mzima yule amepiga magoti vile ndipo nilipojua hasa nilichowafanyia watu.

Bi Zuhura akamweleza yote. Kwa kirefu, maana si mtu wa kufupisha. Mzee Nassor akainuka, akaja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, na mtu akiitikia marahaba kwa sauti ile huna hamu ya kusikia yanayofuata.

"Umemtoa mama yangu kwenye janga," akasema. "Na janga umelileta wewe. Sasa hapa nimesimama, sijui nianze na shukrani au nianze na mashtaka."

"Anza na kunirudisha nyumbani," akasema Bi Zuhura kutoka garini. "Siti hii ina utomvu wa mananasi, umenigandisha."

Basi alasiri ile yote nilirudisha watu. Cherehani kwanza. Halafu wazee, halafu mzazi na kichanga chake, halafu magodoro, masufuria na mlango. Hakuna aliyeniamuru, nilianza tu na sikuona pa kuachia. Rukia alikuja nami, baba yake alimwona anapanda mbele na hakumzuia, na kila tukisimama alishuka yeye kwanza kuwaomba watu radhi kwa niaba yangu, kwa maneno mazuri kuliko ya kwangu, mpaka kuna mama mmoja akamuuliza, "Wewe ni mke wake?" Rukia akajibu, "Bado, mama. Tunasubiri jibu." Nilikuwa nimebeba godoro kichwani, nashukuru, maana lilinificha uso.

Kulipokaribia magharibi nikamaliza. Nikaikuta chokaa iliyodondoka ukutani kwa Mzee Nassor, nikaomba ruhusa ya kuja kuipaka upya. Akanikubalia, kisha akasema nisubiri.

"Mama ameniambia ulikuwa na uwezo wa kunyamaza."

Nikainama, nikaanza kuikusanya ile chokaa iliyodondoka.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa baada ya swala," akasema. "Na waje kwa miguu."

Na wakaja kwa miguu kweli. Baba yangu mkubwa alitoka Miono na gari, akaliegesha huko barabara kuu, akatembea mpaka Dunda kwenye jua na kanzu yake nyeupe, anauliza kila mara kwani kijana kafanya nini. Walirudi wamebeba jibu, na ndoa ipo, tarehe tu ndiyo tunaiangalia baada ya msimu wa mananasi.

Sabufa bado ninayo, sitawadanganya. Fundi Dulla alikuja mwenyewe kuirekebisha, akacheka mpaka akakaa chini, sasa inaimba kwa adabu hata Mzee Nassor siku moja aliniomba nimwekee kasida. Lakini bisibisi kuigusa amplifaya tena nikiwa mjini, wallahi sithubutu. Nikitaka kujaribu kitu naenda nacho Kiwangwa, katikati ya shamba, na mwenye shamba namwambia kwanza, na majirani zake nawaambia, halafu nageuza kidogo, nazima, natoka nje, nauliza. Maana nilichojifunza ni hiki kimoja, kwamba kitu usipokisikia wewe si kwamba hakilii, uliza kwanza walio upande wa pili wa ukuta.